Kiingilio Bure, Viza Pauni 127

British Museum ya London ina vitu vipatavyo milioni 8, na vilivyowekwa wazi ni kama 80,000, yaani kimoja katika kila mia. Hata hicho kimoja si haba. Ukikipa kila kitu nusu dakika, bila kunywa maji wala kusoma vibao, utahitaji dakika 40,000. Jumba hufunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, saa 7 kwa siku. Piga hesabu: siku 95.

Kiingilio ni bure. Ndivyo ilivyo pia National Gallery na Tate Modern, na hata Victoria and Albert, iliyowahi kutoza mpaka serikali ilipoyafungulia milango makumbusho ya taifa mwishoni mwa 2001. Bure hiyo lakini ina mwenyewe: mlipa kodi wa Uingereza, akisaidiwa na wafadhili, duka la zawadi na maonyesho maalumu, ambayo tiketi zake si za mchezo.

Pesa inakutoka kwenye mawe. Mwaka 2025 Tower of London, ngome iliyoanza kujengwa na William Mshindi miaka ya 1070, ilimtoza mtu mzima kama pauni 35, Westminster Abbey kama 30, Kanisa Kuu la St Paul's kama 26. Milango mitatu, pauni 91 kwa kichwa. Taasisi inayoitunza Tower haipati ruzuku ya serikali, na kuta za miaka 900 haziachi kudai mafundi. (Anayekwenda kusali Abbey au St Paul's halipi kitu. Ibada ya jioni ina kwaya nzuri, ila simu ibaki mfukoni.)

Jumba la Louvre la Paris halina huruma hiyo ya kiingilio cha bure. Louvre ilipandisha tiketi kutoka yuro 17 hadi 22 Januari 2024, kisha Januari 2026 ikawawekea wageni wanaotoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya bei yao peke yao: 32. Mtu akishatoa yuro 32 hataki kitu kimpite. Atazunguka mpaka nyayo ziwake moto, na Mona Lisa, picha ya sentimita 77 kwa 53, ataiona juu ya vichwa vya watu na simu zao. London mtu anaweza kuingia kwa ajili ya picha moja, akatoka.

Ila kwa wa Tanga au Kisumu, tiketi ya kwanza haiuzwi mlangoni. Viza ya matembezi ya Uingereza mwaka 2025 ilikuwa pauni 127, na ukinyimwa hurudishiwi. Kabla hujagusa nauli ya ndege, ukumbi wa bure umeshakugharimu kuliko Tower, Abbey na St Paul's kwa pamoja. Angalau viza yenyewe ni ya miezi sita, kwa hiyo zile siku 95 zinaingia.

Mimi nisingezimaliza. National Gallery ilianza 1824 kwa picha 38 zilizonunuliwa kwa pauni 57,000, na leo zimepita 2,300. Ningekwenda kwa moja tu, Alizeti za Van Gogh za 1888, nikae mbele yake dakika 20. Basi mwaka 2025 lilikuwa pauni 1.75 kwenda, 1.75 kurudi. Kesho yake ningerudi tena.