Kulea Watoto wa Aksoloti

Leo tutazungumza juu ya mnyama wa nchi ya Meksiko aitwaye aksoloti.

Umbo lake ni kama la mjusi, lakini hana magamba, naye hukaa majini maisha yake yote. Pembeni mwa kichwa ana matamvua ya kuvutia pumzi, yaliyochomoza nje mfano wa manyoya. Ni wa ukoo wa salamanda, jamaa ya chura. Lakini kiluwiluwi wa chura huota miguu ya nyuma kwanza; wa aksoloti huota ya mbele. Mwaka 1864 aksoloti 34 walifikishwa Paris, Ufaransa, na mwaka uliofuata wakazaa huko. Tangu hapo watu wanawafuga.

Jike hutaga mayai mia kadhaa, na baada ya majuma mawili hivi watoto hutoka. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mtoto ana urefu wa sentimeta moja hivi. Siku mbili za kwanza hali kitu, maana bado ana kiini cha yai tumboni. Kisha ataka chakula, nacho lazima kiwe hai, kwa sababu yeye hukamata kinachotikisika tu. Je, ukimpa makombo ya mkate? Yatazama na kuoza, naye atakufa kwa njaa chakula ki mbele yake. Wafugaji huwapa uduvi wadogo sana walioanguliwa siku ile ile, na kuwasuuza chumvi kwanza. Maji yawe baridi, digrii 16 mpaka 18, yabadilishwe kila siku, kwani uduvi wafao huyachafua upesi.

Miguu ya mbele ikiota, ndugu huanza kuumana. Huyu hukosa mguu, yule ncha ya mkia. Mguu huota tena, pamoja na vidole vyake. Lakini aliyemezwa mzima, basi. Kwa hiyo tenga wakubwa mbali na wadogo. Mfugaji mvivu huanza na watoto wengi, akaishia na wachache walionona!

Kwao ni mifereji ya Xochimilco, katika Jiji la Meksiko. Mwaka 1998 walikadiriwa kuwa 6,000 katika kila kilometa ya mraba. Mwaka 2014 walikadiriwa kuwa 36 tu. Maji yamechafuka, na samaki wa kigeni hula mayai na watoto. Mmoja wa samaki hao ni perege, ambaye asili yake ni huku kwetu Afrika.

Zoezi: Andika kwa maneno yako kwa nini mtoto wa aksoloti hapewi makombo ya mkate.