Upana wa Tairi la Altezza Kwenye Barabara za Mbeya

Toyota Altezza RS200 ilitoka kiwandani mwaka 1998 ikiwa na injini ya lita mbili isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 210 kwa gari la gia za mkono. Wajapani waliipa tuzo yao ya Gari la Mwaka la 1998–1999, na kufikia 2005 wakaacha kuitengeneza. Kwa vijana wa Mbeya gari hili bado halijazeeka. Siku za kazi linapeleka watoto shule na kuegeshwa Mwanjelwa; Jumamosi linakata kona za Tukuyu. Mwenye nalo akipata fedha kidogo huwaza rimu za spoti, na hapo swali huwa moja: tuweke tairi la upana gani?

Jibu linalosikika sana ni kwamba tairi likiwa pana zaidi hushika lami zaidi. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni ukweli wa uwanja wa mashindano, penye lami laini, kavu na yenye joto. Mtu anayeendesha kila siku katika mji ulio takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wenye mvua za Novemba hadi Aprili, na malori ya Tunduma yakipita usiku na mchana, anahitaji hesabu nyingine.

Tuanze na maandishi ya ubavuni. Toleo la Z la RS200 lilivaa tairi la 215/45R17. Upana ni milimita 215. Kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani karibu milimita 97. Na rimu ni ya inchi 17. Ukijumlisha, tairi zima lina kipenyo cha milimita 625. Namba hizi zimefungamana. Anayeongeza upana bila kushusha namba ya pili anaongeza kimo pia. Tairi la 225/50R17 lina kipenyo cha milimita 657, asilimia tano zaidi, na mita ya mwendo itasoma pungufu kwa kiasi hichohicho. Kwenye eneo la kilomita 50 kwa saa, kosa hilo laweza kukufikisha mbele ya tochi ya trafiki ukiwa unaamini umetii sheria. Tairi la 225/45R17 lina milimita 634, tofauti ya asilimia moja na nusu tu. Hilo gari linalivumilia.

Sasa tuje kwenye mshiko wenyewe. Altezza yenye dereva ina uzito wa kilo 1,400 hivi, kwa hiyo kila tairi linabeba karibu kilo 350. Ukijaza upepo wa pauni 32, uzito huo unahitaji eneo la sentimita za mraba takribani 156 kugusa barabara, sawa na kiganja kikubwa cha mtu mzima. Eneo hilo linatokana hasa na uzito na upepo. Upana wa tairi unaamua zaidi umbo lake: tairi jembamba linagusa kwa alama ndefu, tairi pana kwa alama fupi iliyotanuka. Wengi hudhani kuongeza upana kwa asilimia kumi kunaongeza mpira unaogusa lami kwa asilimia kumi. Sivyo, maana upepo na uzito havijabadilika.

Hata hivyo tairi pana kweli linashika kona kavu vizuri zaidi. Mkanda wa nyuzi za chuma uliomo chini ya mpira wake ni mgumu kupinda kwa upande, kwa hiyo gari linaitika mara usukani unapogeuzwa. Joto nalo linasambaa kwenye mpira mwingi zaidi. Kisha kuna tabia ya mpira wenyewe. Shuleni tulifundishwa kanuni ya Amontons ya mwaka 1699, kwamba msuguano unakwenda sawia na uzito na eneo halihusiki. Mpira haufuati kanuni hiyo kikamilifu: ukikandamizwa sana, uwezo wake wa kushika kwa kila kilo unapungua. Kinachosambaza mgandamizo kwa usawa kinausaidia.

Lakini faida hizo huonekana pale gari linapofikia mpaka wa mshiko wake, na hapa mwinuko wa Mbeya unaingia. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 17, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Zile nguvu za farasi 210 zinashuka hadi 175 hivi, tena ikiwa injini bado nzima kama mpya. Tairi la nyuma la milimita 245, linalonunuliwa ili kuzuia magurudumu kuserereka wakati wa kuondoka, linatibu ugonjwa ambao gari hili halina. Linachoongeza ni uzito wa kuzungusha na ukinzani, na injini iliyokwisha kupungukiwa hewa inapaswa kuvilipia vyote viwili kwa mafuta. Mwenye Impreza ya turbo ana hoja kidogo, kwa sababu turbo inarudisha sehemu ya hewa iliyopotea.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni mvua. Barabara ya kwenda Tukuyu na Kyela inapita Rungwe, mojawapo ya maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote Tanzania, na maji hutuama kwenye lami. Mwaka 1963 Walter Horne na Robert Dreher wa NASA, wakichunguza matairi ya ndege, walionesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji unafuata kipeuo cha pili cha upepo wake. Kwa upepo 32, kanuni yao inatoa kilomita 94 kwa saa kwenye maji yaliyotuama na tairi lisiloweza kuyatoa. Kwa upepo 26 inatoa 85. Baadaye Horne aliongeza jambo linalotuhusu moja kwa moja: umbo la alama ya tairi nalo lina nguvu. Alama pana na fupi inakutana na maji mengi zaidi na ina nafasi fupi ya kuyasukuma pembeni, kwa hiyo inaanza kuelea mapema. Gari likielea, usukani na breki havina kazi mpaka mwendo upungue. Anayevaa tairi la 245 lililoisha meno na kuteremka kutoka Tukuyu mwezi Machi amejiwekea hatari kubwa.

Kuna pia makovu ya barabara yenyewe. Bitumeni, ile gundi nyeusi ya lami, hutambaa polepole ikibebeshwa mzigo kwa muda mrefu. Lori lenye shehena linalopanda kwa gia ya kwanza linaikandamiza lami kwa muda mrefu kuliko linalopita kwa kasi, ndiyo maana kwenye mipando ya barabara kuu ya kwenda Zambia utaona lami imedidimia kwa mistari miwili. Bega la tairi pana likigusa ukuta wa mstari huo linasukumwa kando, na usukani unavutwa mikononi mwako. Tairi jembamba lina nafasi ya kutembea ndani ya mstari. Kwenye mitaa isiyo na lami hali ni hiyohiyo: tairi pana linapanda juu ya tope badala ya kulikata na kufikia udongo mgumu. Wanamashindano wa dunia wanalijua hilo. Magari ya daraja la juu yanayokuja Naivasha kwa Safari Rally huvaa matairi ya vumbi ya 205 kwenye rimu za inchi 15. Magari hayohayo yakienda kwenye lami hupewa 235 na rimu za inchi 18.

Ukishachagua tairi, rimu ifuate. Tairi la 225/45R17 linakubali rimu ya upana wa inchi 7 hadi 8.5, na linakaa vizuri kabisa kwenye 7.5. Kila nusu inchi ya rimu inabadilisha upana halisi wa tairi kwa milimita tano hivi. Mtindo wa kulivuta tairi jembamba juu ya rimu pana unauacha ukingo wa rimu wazi kwa kila shimo. Angalia na ofseti, yaani umbali wa sehemu ya kufungia rimu kutoka katikati ya upana wake. Altezza ya toleo la Z ina rimu ya inchi 7 yenye ofseti ya 50. Ukifunga ya inchi 8 yenye ofseti ya 35, ukingo wa nje unasogea karibu milimita 28. Ukiwa peke yako hutasikia kitu. Pakia abiria wanne, gonga tuta, nawe utasikia bodi inakwaruza tairi. Beringi pia zinabeba mzigo kwa namna ambayo hazikuundiwa.

Wengi huniuliza iwapo upepo uliojazwa Dar unafaa Mbeya. Mwinuko unapandisha kipimo cha geji kwa pauni mbili na nusu hivi, kwa sababu hewa ya nje imepungua. Baridi inakishusha: kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 8 za asubuhi ya Juni, unapoteza zaidi ya tatu. Viwili hivyo vinakaribia kufutana, na geji itasoma 31 na kitu. Mchana jua likiwaka inapanda hadi 33. Pima asubuhi, kabla hujaondoka.

Kwa Altezza ya kila siku Mbeya, uamuzi wangu ni 225/45R17 kwenye rimu ya inchi 7.5, na anayebaki na 215 hajakosea. Zaidi ya hapo unanunua sura. Fedha inayobaki inunue matairi manne mapya ya aina moja. Dukani soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Nyumbani pima meno. Yale matuta madogo yaliyofichwa ndani ya mifereji yanaonesha kikomo cha milimita 1.6, lakini kwa mvua za Rungwe usisubiri kufika huko. Yakibaki milimita tatu, badilisha kabla ya Novemba.