Ghala la Yusufu



Ndugu msomaji, mwezi Mei 2020 takwimu za korona nchini zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Zikanyamaza zaidi ya mwaka. Sisi mapadre tuliendelea kuzika. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki likawaonya waamini juu ya wimbi jipya.

Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani. Siku chache baadaye, hapa Mbeya, mama mmoja alinisubiri baada ya Misa: “Baba, tuliambiwa ugonjwa umekwisha. Leo naletewa sindano. Nishike lipi?” Nilimshauri achanje, lakini sikuweza kumlaumu kwa kusita.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, kinatuonyesha njia nyingine. Yusufu hakumficha Farao habari mbaya. Aliitaja njaa miaka saba kabla, mashamba yakiwa bado yamejaa, akaweka akiba sehemu moja ya tano ya mavuno. Njaa ilipobisha hodi, watu walielekezwa kwa Yusufu, na ghala lilikuwa na kitu.

Wakulima wa mahindi mnalijua hili: ghala halijazwi wakati wa njaa. Imani ya wananchi ni vivyo hivyo. Mwenye mamlaka asiyeweka ukweli siku za amani, siku ya hatari atafungua mlango akute vumbi.

Nasi tuanzie nyumbani. Tusisambaze uvumi. Na hesabu za parokia tuzisome zote, hata zinapotuaibisha.

Jumapili njema.