Kutoka Kampala hadi Ngarama: Hesabu ya Kitabu cha Dini

Huko Ngarama, wilayani Isingiro, Jumapili moja huweza kuwa na ibada za lugha nne au tano. Wenyeji husali kwa Kinyankore. Upande wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale husikika Kinyarwanda, Kirundi na, miongoni mwa Wakongomani, Kiswahili. Kwa mchungaji hiyo ni neema. Kwa mchapishaji wa vitabu vya Kikristo ni soko lililokatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kinadai kitabu chake.

Suala la lugha limeitawala biashara hii tangu mwanzo. Alexander Mackay, fundi wa shirika la kimisionari la Kianglikana, CMS (Church Missionary Society), aliingia Buganda mwaka 1878 na baadaye akawa anachapa karatasi za kusomea kwa mtambo mdogo wa mkono. Alianza na Kiswahili, kwa kuwa Kabaka (mfalme) Mutesa na wakuu wake walikuwa wamekizoea kupitia wafanyabiashara wa pwani, na sehemu za Biblia zilizotafsiriwa Zanzibar na Edward Steere zilikuwa tayari. Lakini umma wa wasomaji ulikuwa wa Kiganda, na biashara ikawafuata. Biblia nzima ya Kiganda ilipotoka mwaka 1896 ilikuwa nyembamba kwa upana na nene kwa kina, ili ienee ndani ya mkebe wa biskuti na kusalimika na mchwa. Wanunuzi wa vitabu vya wakati huo walilipa kwa kauri.

Mwaka 1927 ikaanzishwa Uganda Bookshop, duka la vitabu la CMS. Nusu karne baadaye, mwaka 1977, Kanisa la Uganda likaunda kampuni yake ya uchapishaji, Centenary Publishing House. Jina lake ni kumbukumbu ya miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wa CMS wafike kwa Mutesa, Juni 1877.

Mwaka huo wa 1977 ulikuwa mgumu sana. Februari Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na mwaka huohuo madhehebu mengi madogo yalipigwa marufuku. Wenye viwanda na maduka wa asili ya Asia walikuwa wamefukuzwa tangu 1972, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na karatasi ni bidhaa inayonunuliwa kwa fedha za kigeni. Kuanzisha nyumba ya vitabu katika hali hiyo kulihitaji imani, na pia mnunuzi wa uhakika.

Mnunuzi huyo ni kanisa lenyewe. Nyumba ndogo ya Kikristo haiishi kwa riwaya wala kwa vitabu vya tafakuri. Inaishi kwa kile ambacho parokia haiwezi kukosa: kitabu cha sala, nyimbo, katekisimu. Gharama ya kuhariri, kupanga kurasa na kutengeneza pleti ni ileile ukichapa nakala 300 au 5,000. Zikiwa chache, bei ya nakala moja hupanda hadi mkulima asiimudu. Zikiwa nyingi, mtaji hulala ghalani. Tena maduka mengi huchukua vitabu kwa mali kauli, na mchapishaji husubiri miezi kadhaa huku mpiga chapa akidai chake.

Ndiyo maana lugha yenye waumini wengi hupata vitabu mapema. Ankole, nchi ya Wanyankore, ilisoma Biblia ya Kiganda kwa miongo kadhaa. Biblia nzima ya Kinyankore-Kikiga ilitoka mwaka 1964, lugha mbili jirani zikiwa zimeunganishwa katika maandishi mamoja. Muungano huo ulikuwa pia hesabu nzuri ya biashara: toleo moja, wanunuzi mara mbili.

Nakivale ina watu zaidi ya 100,000, lakini wachapishaji wakongwe wa Kikristo wanaotoa vitabu vya Kiswahili wako mbali: Evangel Publishing House ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1952, na Central Tanganyika Press ya Dodoma, ya mwaka 1954. Kila kitabu kinachotoka huko huongezewa nauli na mpaka kabla ya kufika mji wa Mbarara, kisha barabara ya kwenda Isingiro. Msomaji wa mwisho ni mtu anayeishi kwa mgao na kibarua. Hapo fotokopi hulishinda duka kwa urahisi, na pesa ya fotokopi haimfikii mwandishi wala mchapishaji.

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wa Ngarama watakaokisoma darasani ni wateja wapya wanaoweza kujumlishwa na Wakongomani wa Nakivale katika toleo moja, kama Wanyankore na Wakiga walivyojumlishwa mwaka 1964. Hesabu hiyo inastahili kupigwa Kampala, ambako Centenary ilianza na wateja wasio na uhakika wa sukari wala sabuni.