Falstaff Aseme Kiswahili cha Nani?

Mwanafunzi wa tamthilia anapokabidhiwa nafasi ya Shylock au Falstaff, swali lake la kwanza huwa: mtu huyu wa Ulaya ya karne ya 16 nitamwigizaje? Wengi hukimbilia maleba, yaani kofia, upanga na joho. Katika makala haya tunashauri kwamba mwigizaji wa Kiswahili aanzie mdomoni, katika aina ya Kiswahili anachompa mhusika, kwani hapo ndipo hadhira humkubali au humkataa.

Tukumbuke kwanza hali ya jukwaa lenyewe. Enzi za Shakespeare, michezo katika kumbi za wazi kama Globe ya London iliigizwa mchana, hivyo mwigizaji aliwaona watazamaji wake machoni. Nafasi za wanawake zilichezwa na wavulana. Kila mwigizaji alipewa karatasi yenye maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya msemaji anayemtangulia. Vipo vikundi vya leo vinavyoujaribu tena mtindo huo, na mwalimu anaweza kuujaribu darasani bila gharama. Mwanafunzi asiyejua mwenzake atasema nini hulazimika kusikiliza. Hawezi kukariri kama kasuku.

Kwetu sisi mfasiri huwa ameshamfinyanga mhusika kabla mwigizaji hajamgusa. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Katika Kiingereza jina la mchezo huo linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Katika Kiswahili wamekuwa wengi, na wamekuwa mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Mwigizaji wa Antonio anayeisoma tafsiri hiyo hawezi tena kujifanya muungwana asiye na doa anayeonewa na mkopeshaji mkatili. Jina la kitabu limemweka kundi moja na Shylock, na kwa maoni yetu hilo limeufaa mchezo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Aprili 2012, pale ukumbi wa Globe uliojengwa upya ulipoalika michezo 37 ya Shakespeare katika lugha 37. Kiswahili kiliwakilishwa na kikundi cha Bitter Pill kutoka Kenya, kwa mchezo wa Wanawake wa Heri wa Winsa uliofasiriwa na Joshua Ogutu. Falstaff aliigizwa na Mtanzania Mrisho Mpoto, mghani anayejulikana kwa kusema na watu ana kwa ana. Uteuzi huo una mantiki. Falstaff ni mzee mnene aliyewaandikia wake za watu wawili barua moja ileile ya mapenzi, akaishia kufichwa katika kapu la nguo chafu na kutupwa mtoni. Akibaki peke yake baada ya kisa hicho, analalamika kwa kirefu. Mwigizaji akiisemea hewani hotuba hiyo, imekufa. Akimchagua mtazamaji mmoja na kumlalamikia kama jirani yake, Falstaff anafufuka.

Kiswahili kinampa mwigizaji na silaha nyingine ambayo Kiingereza hakina. Je, Bi Page amwamkie mzee huyo shikamoo? Akimwamkia kwa adabu zote, naye akaitika marahaba huku anamkonyeza, watu watacheka kabla ya barua kufunguliwa.

Lakini mchezo huu una mtego. Wamo Kasisi Hugh Evans wa Wales, anayegeuza ‘b’ kuwa ‘p’, na Daktari Caius, Mfaransa anayekipondaponda Kiingereza. Wote wawili wanachekwa kwa lafudhi zao. Kikundi cha Kiswahili lazima kiamue: lafudhi hizo zitakuwa za nani?

Tumfikirie mwanafunzi aliyekulia Namoto, mpakani mwa Msumbiji na Tanzania, kaskazini ya Palma, ng’ambo ya Kilambo ya Mtwara. Kimakonde anakijua, Kimwani cha pwani anakisikia, Kireno amekutana nacho shuleni, na Kiswahili ni lugha ya biashara ya kuvuka Ruvuma. Tangu mapigano yaanze Cabo Delgado mwaka 2017, wapo wanaoisikia lafudhi hiyo kama ya mkimbizi. Ni rahisi mno kumpa mwanafunzi huyo nafasi ya Caius, na wenye Kiswahili sanifu wakapewa mabwana na mabibi. Atachekesha, ndiyo. Ila kitakachochekwa ni kwao, wala si Caius.

Na ujuzi anao. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mchezaji huvaa kinyago kichwani, mwili umefunikwa kwa nguo, na hasemi neno. Tabia yote ya mhusika hutoka miguuni, mabegani na katika kuitikia ngoma. Aliyeyaona hayo tangu utotoni anajua jinsi mtu anavyoweza kutambulika kabla hajafungua kinywa, jambo ambalo wanafunzi wetu wa mijini hufundishwa kwa shida.

Sisi tungempa nafasi ya Bwana Ford. Huyu ni mume mwenye wivu ambaye hujigeuza, akajiita Brook, ili amchunguze Falstaff. Waigizaji wengi hubandika ndevu tu, na mtazamaji hujiuliza Falstaff amekuwa kipofu? Mwenye lugha za mpakani hahitaji ndevu. Nyumbani kwake Ford aseme Kiswahili cha ofisini, kilichonyooka na chenye hasira. Akiingia kwa Falstaff awe mfanyabiashara aliyevuka mto, mwenye lafudhi ya Namoto, mpole na mwenye fedha mkononi. Hapo anayecheka ni Brook, maana Falstaff, kwa kuidharau lafudhi hiyo, atamsimulia siri zote mume mwenyewe.