Je, Wajua? Kiburi Kilimpandisha Mwindo Mbinguni

Je, wajua kwamba Kivu ina shujaa wa kulinganishwa na Oedipus wa Wagiriki? Katika utenzi wa Wanyanga wa Walikale, mtemi Shemwindo aliapa kumwua kila mwanawe wa kiume. Mwanawe Mwindo alitiwa ndani ya ngoma, akatupwa mtoni, lakini hakufa. Alipotawala akajigamba, akaua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba akampandisha Mwindo mbinguni, ambako aliteswa na baridi, mvua na jua mwaka mzima. Candi Rureke aliusimulia utenzi huu mwaka 1956, nao ukachapishwa mwaka 1969. Kiburi kilimwangamiza Oedipus. Lakini Mwindo alirudi duniani akiwa mnyenyekevu, akatawala kwa haki. Wazazi wa mtaa wa Cimpunda, wasimulieni watoto wenu kisa hiki cha Kivu.