Shorewanda wa Songea na Popo wa Mahenge

Alfajiri mjini Songea shorewanda huimba kabla ya jua kuchomoza. Ni ndege wa rangi ya kahawia, mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, apendaye mapapai mabivu. Leo tumlinganishe na mnyama ambaye hakuna binadamu aliyepata kumwona hai: popo aitwaye Tanzanycteris mannardi, aliyeishi miaka ipatayo milioni 46 iliyopita. Kisukuku chake kilipatikana Mahenge ya Singida, wala si Mahenge ya Ulanga, katika mashapo ya ziwa la kale la volkano. Wataalamu walimpa jina hilo mwaka 2003.

Wote wawili ni viumbe wa kuruka, lakini mabawa yao ni ya namna mbalimbali. Bawa la shorewanda ni manyoya yaliyoota juu ya mkono ambao vidole vyake vimepungua na kuungana. Bawa la popo ni ngozi iliyotandwa juu ya vidole virefu, mfano wa kitambaa cha mwavuli juu ya njiti zake. Popo ni mamalia, na kufanana kwa kazi si uthibitisho wa udugu.

Shorewanda huimba ili asikiwe na wenzake. Popo wengi walao wadudu hutoa sauti za mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambazo sikio letu halizipati, kisha husikiliza mwangwi wake ili kumtambua mdudu gizani.

Msomaji atauliza: sauti haiachi kisukuku, basi twajuaje kuwa popo yule wa kale alifanya hivyo? Jibu limo mfupani. Koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa kama konokono, huwa kubwa kwa popo wawindao kwa mwangwi. Koklea ya popo wa Mahenge ni kubwa mno. Hilo ni hitimisho lililotokana na ushahidi, nalo limejengwa juu ya kiunzi kimoja tu kinachojulikana. Lau kingevunjwa, tusingejua lolote juu yake.

Bonde la Ruhuhu, magharibi ya Songea, lina visukuku vya kale zaidi, vya miaka zaidi ya milioni 200. Mwanafunzi aonaye mfupa ndani ya jiwe asiuchokoe. Auache mahali pake, akamwarifu mwalimu.